Shada la Kifungua Mimba

Peninah Gakii hutembea haraka hata akiwa hana pa kwenda. Ukimwona kwenye kituo cha treni cha Blacktown, mkoba begani na kofia ya sufu imeshuka hadi kwenye nyusi, utadhani treni inamwacha, kumbe bado dakika ishirini. Nimekaa naye jengo moja miaka sita, yeye chini, mimi juu. Minne kati ya hiyo tumefanya kazi pamoja kwenye nyumba ya kutunzia wazee kule Quakers Hill, yeye akiwaogesha na kuwalisha, mimi nikifua mashuka yao. Kwa hiyo nikisema namjua, namjua. Hata siku anayochemsha githeri yake ya mahindi na maharage naijua, maana harufu hupanda ngazi bila kupiga hodi.

Yeye ni Mmeru wa Kenya. Mimi naitwa Gloriose, Mrundi niliyekulia kambini Kigoma, na Kiswahili changu nilikichuma kwa Waha wa Kasulu waliokuwa hawamvumilii mtu wa kukiharibu. Peninah cha kwake anakiendesha tu, mradi kifike. Yeye husema mimi naongea kama redio ya taifa. Nami humwambia redio angalau inaeleweka. Ndivyo tunavyopendana.

Kuna jambo moja lazima ulijue kwanza. Kwao Meru, tangu akiwa na miaka tisa, Peninah na mama yake ndio waliokuwa wakisuka mashada ya maziko ya kijiji kizima. Hawakununua yale ya plastiki ya mjini. Walichuma matawi ya saipresi kwenye uzio wa nyumbani, wakakunja pete kwa nyuzi kavu za mgomba, wakasuka majani yakatazama upande mmoja, wakachomeka maua yaliyopatikana siku hiyo. Nyuma waliweka miguu miwili ya vijiti ili shada lisimame juu ya udongo, na katikati wakapitisha utepe mweupe wa kuandikwa jina la mtoaji.

Na kuweka mashada nako kuna utaratibu wake. Kaburi likishafunikwa, mchungaji huita watu kwa zamu. Mume au mke wa marehemu, halafu kifungua mimba, halafu watoto wengine kwa kufuatana kuzaliwa, halafu wajukuu, wakwe, majirani. Hakuna kuruka foleni. Peninah ndiye kifungua mimba wa watoto watano.

Hapa Sydney, Mkenya yeyote wa upande wetu wa mji akifiwa nyumbani, wa kwanza kufika mlangoni alikuwa Peninah na sufuria lake la chai. Aliwahi kutoka zamu ya usiku akaenda Merrylands moja kwa moja kukaa na mama mmoja ambaye hata jina lake la pili hakulijua. Hakuwa na maneno mengi. Alikuwa anaosha vyombo, anawapikia watoto, anakaa. Waliofiwa wanajua thamani ya mtu anayejua kukaa.

Basi mwezi wa nne mwaka 2021 mama yake mwenyewe akafa kwa korona. Mipaka ya Australia ilikuwa imefungwa. Kutoka kwa kibali, kurudi kwa bahati. Peninah aliomba kibali, lakini kule Kenya nako ilikuwa ni kuzika upesi na watu wachache, maziko yakawahi kuliko karatasi. Akawapigia akina mama wa kanisa lao, akawaomba wamsukie shada la saipresi ya uzio wa nyumbani, liandikwe jina lake, mtu mmoja aliweke kwa niaba yake. Wakaitika.

Siku ya maziko alikaa mezani peke yake, simu imeegemezwa kwenye kopo la sukari. Mdogo wao wa mwisho, Rufus, ndiye aliyekuwa ameshika simu kule mazishini. Peninah aliona jeneza likishuka. Aliona udongo. Akamsikia mchungaji akisema, sasa watoto waje na mashada, tunaanza na kifungua mimba. Hapo picha ikaganda. Alimwona baba yake amesimama, mkono mmoja umeinuliwa, kisha simu ikawa nyeusi. Ilipopatikana tena, watu walikuwa wanatawanyika na Rufus anaomba radhi kwamba bando liliisha.

Peninah hakuuliza. Kesho yake alikwenda kazini. Tulimpelekea chakula, hakutufungulia, tukakiacha mlangoni, tukafanya maombi kwa simu, watu arobaini kila mmoja kwenye kidirisha chake, na yeye kidirisha chake kilikuwa cheusi muda wote. Mtu aliyekaa na watu wote, siku yake ikafika akakaa peke yake. Jambo hilo liliniuma na linaniuma hadi leo.

Ikaja Julai. Hapa Krismasi ya Desemba huangukia joto la kukaanga mayai barabarani, kwa hiyo Waaustralia wengine hujitengenezea ya pili katikati ya baridi, Krismasi ya Julai, wapate kula nyama ya kuoka na kuvaa masweta bila kujitesa. Mimi niliposikia mara ya kwanza nilidhani wananitania. Mwaka ule mji ulikuwa umefungwa tena, wazee hawaruhusiwi wageni, na sisi tunachokonolewa pua kila baada ya siku chache. Wakubwa wakaamua Krismasi ya Julai ifanywe hivyo hivyo, wazee wapate la kuchangamkia. Kila mmoja apambe shada la mlangoni kwake.

Nikaona kwa macho yangu, maana nilikuwa nimeleta mashuka. Mratibu wa burudani aligawa pete za plastiki na majani ya plastiki. Kulikuwa na bibi mmoja, Beryl, miaka themanini na tisa, mzaliwa wa Uingereza, mdomo mkali kuliko wangu. Akayasukuma yale majani hadi ukingoni mwa meza. Akasema mama yake alikuwa akisuka shada kwa majani ya kweli hata wakati wa vita, na kwamba yeye hajazeeka kiasi cha kupewa plastiki.

Peninah alikuwa anamfunga kamba za viatu. Akasema, bila kuinua kichwa, "Mimi najua kusuka."

Akaomba ruhusa, akatoka na mkasi hadi kwenye miti ile ya kijani iliyopandwa kuzunguka maegesho. Akarudi amekumbatia matawi, na chumba kizima kikanukia. Akanigeukia.

"Mama Ikirezi, si uniletee hanger moja ya waya kutoka laundry. Na sheet imeraruka, uipasue kamba kamba."

Nikaleta. Akaukunja ule waya ukawa duara, akaanza. Miaka yote hiyo sikuwahi kumwona akisuka. Vidole vilikwenda vyenyewe, tawi juu ya tawi, kamba inazunguka, jani linalala upande wake. Beryl alikuwa anampa matawi moja moja, amenyamaza, na huyo si mtu wa kunyamaza. Wazee wengine wakasogeza viti. Mimi nilikuwa na mashuka ya wodi mbili yananisubiri nikajifanya nayahesabu pale pale.

Lilikuwa shada zuri, nene, limekaza. Peninah akaligeuza, akafunga vijiti viwili nyuma, akavivuta kuona kama vimeshika. Halafu akachukua kipande cha shuka jeupe, akakipitisha katikati kutoka ukingo hadi ukingo, akakinyoosha vizuri kwa kiganja. Akamwomba mratibu kalamu nene.

Nilikuwa nimeshaelewa alichokuwa akikifanya, na yeye bado.

Beryl akauliza vijiti vile ni vya nini, maana mlango hauhitaji miguu.

Mikono ya Peninah ikasimama. Alilitazama lile shada kana kwamba ameletewa na mtu mwingine. Mimi nilisali kimoyomoyo. Bibi wa miaka themanini na tisa, katikati ya ugonjwa unaoua wazee, amesukiwa shada la kaburini, limebaki kuandikwa jina. Nikaona barua za kufukuzwa kazi, yake na yangu, maana waya ulitoka kwangu.

Mwingine angesema uongo mdogo. Peninah hawezi, uongo humkaba kooni. Akamweleza Beryl kwa Kiingereza chake cha polepole kwamba kwao shada kama hili huwekwa juu ya kaburi, miguu ni ya kusimama kwenye udongo, utepe ni wa jina la aliyeleta. Akasema hajawahi kusuka la Krismasi. Akaomba msamaha.

Beryl aligusa utepe. Kisha akauliza, ungeandika jina gani?

Peninah akasema, langu.

Na ungempa nani?

"Mama yangu," Peninah akasema. Halafu akaongeza, akiwa amesahau kwamba chumba kizima kinasikia, kwamba mama alizikwa mwezi wa nne, kwamba shada lake lilisukwa, na kwamba hajui kama liliwekwa.

Beryl hakumwambia pole wala hakumshika mkono. Alimwambia avitoe vile vijiti, shada alitundike mlangoni, kwa sababu ni zuri na yeye hajali limetoka ukoo gani. Kisha akasema yeye ana wiki tano anamwona binti yake kupitia kioo cha dirisha, na kitu asichokipenda duniani ni kutojua. Akadai chai.

Kurudi nyumbani tulipanda gari lake kama kawaida, mimi nyuma, vioo chini, barakoa usoni, baridi inaingia hadi kwenye mifupa. Mdomo wangu hauna kufuli. Tulipofika kwenye taa za kwanza nikaanza.

"Dada, miezi mitatu. Simu unayo, Rufus yupo, baba yupo. Kuuliza si ujinga. Unaogopa nini?"

"Wacha hiyo story, Mama Ikirezi."

"Siachi. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Aliendesha hadi tukapita kituo cha Marayong bila kunitazama kwenye kioo. Nikadhani amekasirika, na mimi nikiona mtu amekasirika huongeza maneno, ndiyo tabia yangu mbaya. Nikamwambia kwamba kwetu kambini watu walizika ndugu zao wakahamishwa kesho yake, wasijue hata kaburi liko upande gani, ilhali yeye ana kaburi, ana baba, ana bando. Nikasema hana sababu.

Aliegesha gari pembeni ya barabara, akazima injini. Hakugeuka.

"Sikia. Nikiuliza waniambie hakuna mtu aliweka, si hiyo inamaanisha mama alienda na mimi first-born sikuwa hapo. Na wakisema iliwekwa, somebody else ndiye aliweka, bado sikuwa hapo. Jibu yoyote ni ile ile. So nitauliza ya nini?"

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mimi nilikuwa nimemtupia wangu juu ya wake. Nikamwomba radhi. Nakwambia ukweli, si neno ninalolitumia sana.

"Basi uliza si kwa ajili ya jibu," nikasema baadaye. "Uliza ili uache kukaa na hilo swali peke yako. Wewe hukai na watu? Mwache mtu akae na wewe."

Akawasha gari. Tulipofika alisema, "Sunday saa kumi. Unakuja?"

Sheria ya wakati ule iliruhusu watu wawili kukutana nje. Jumapili saa kumi jioni, ambayo kwao Meru ni saa tatu asubuhi, tulikuwa nyuma ya jengo letu kwenye kipande cha nyasi kati ya mapipa ya taka na kamba za kuanikia nguo. Binti yangu Ikirezi, wa miaka kumi na minne, alichungulia kutoka dirishani juu. Nikamwambia arudi ndani, watatu ni faini. Akajibu, "I'm not even outside, Mum." Hakuondoka.

Peninah alikuwa na matawi kwenye mfuko wa plastiki na hanga nyingine ya waya. Alikuwa ameanza kusuka kabla hajapiga simu. Nadhani alitaka mikono yake iwe na kazi. Simu aliiegemeza kwenye ndoo.

Rufus akaonekana, amevaa koti, nyuma yake migomba na ukungu. Wakasalimiana, wakaulizana hali ya hewa, hali ya ng'ombe, hali ya baba. Nikakohoa. Peninah akanitupia jicho, kisha akauliza, macho kwenye matawi.

"Rufus, siku ya mama. Hiyo wreath yangu. Nani aliweka?"

Rufus akaisogeza simu karibu na uso.

"Si uliona?" akasema.

"Simu ilikatika."

"Dada, ilikatika saa ngapi?"

"Mchungaji alipoita kifungua mimba. Niliona baba amesimama. Basi."

Rufus akaondoa kofia kichwani, akaishika. Akasema alidhani bando liliisha baada ya hapo, na wao wote walidhani aliona yote. Walidhani ameona na amekasirika, ndiyo sababu hataki kuongea habari za siku ile, nao wakaogopa kuigusa. Kumbe, alipoitwa kifungua mimba, mama mmoja wa kanisa aliinuka na shada la Peninah. Baba yao akanyoosha mkono akamzuia. Akasema, "Gakii yuko hai. Ataweka mwenyewe. Kabla yake hakuna atakayeweka." Mchungaji akajaribu kumsihi, chifu akasema muda umekwisha, watu watawanyike. Mzee hakusogea. Mashada yote yaliyosukwa, hata la mzee mwenyewe aliyekuwa ameiacha zamu yake ya kwanza ipite, yalirudi nyumbani na watu, yakakaukia kwenye ukuta wa jiko.

"Yote?" Peninah akauliza.

"Yote. Kaburi ya mama haina hata ua moja. Baba hupalilia kila Jumapili, na hataki mtu aweke kitu. Sisi tulimwambia border imefungwa, haijulikani utakuja lini. Akasema tusikuharakishe."

Peninah aliachia matawi. Alilia pale kwenye nyasi kwa sauti, kilio cha miezi mitatu, na mimi nilisimama hatua mbili kutoka kwake kama sheria ilivyotaka, kisha nikaona sheria hiyo haikumjua Peninah, nikaenda nikakaa chini naye nikamshika. Juu dirishani Ikirezi naye alikuwa anajifuta pua kwa mkono wa sweta.

Alipotulia alijipangusa uso kwa ncha ya leso. Sauti yake ikawa ile ya kazini.

"Rufus. Enda kwa fence ukate saipresi. Matawi ya juu, si hizo za chini zimekula vumbi. Na nyuzi za mgomba."

"Mimi sijui kusuka, dada."

"Leo utajua."

Ikawa kazi. Mkubwa nyuma ya mapipa ya taka Blacktown, mdogo kwenye kigoda mbele ya jiko Meru, kila mmoja na duara lake. Peninah alikuwa akifanya kisha anainua mbele ya simu, Rufus anafuata. "Geuza, jani inaangalia ndani." "Kaza hapo, inalegea." "Wewe, hiyo ni shada ama ni kiota?" Mwanaume wa miaka thelathini na nne anakemewa kama mtoto wa darasa la pili, na alikuwa anacheka. Nami nikacheka. Shada lake lilitoka limepinda upande, lina kishimo. Peninah alilitazama kwa muda, akasema linatosha. Rufus akalifunga miguu, akaandika kwenye utepe kwa kalamu ya kuwekea ng'ombe alama: Gakii.

Mzee alikuwa amekuja bila sisi kumwona. Ni mtu mrefu, mwembamba, fimbo mkononi, na alizungumza na bintiye Kimeru kwa sauti ya chini. Sikuelewa neno, ila nilielewa. Wakashuka wote watatu hadi kaburini, yaani Rufus, mzee, na Peninah ndani ya simu. Lilikuwa tuta safi la udongo mwekundu, limepaliliwa hadi pembeni, halina kitu juu yake.

Rufus alitaka kumpa baba yake shada aliweke. Mzee akakataa. Akamwambia Rufus alishike na asimame tu. Halafu akaichukua ile simu mwenyewe, akaielekeza kwenye kaburi, akaanza kutembea nayo pole pole hadi udongo ukajaza kioo chote. Akasema neno moja. Peninah baadaye aliniambia maana yake ilikuwa, "Umefika."

Peninah aliinua shada lake la Blacktown kwa mikono miwili. Rufus, kule, akainua lile la kupinda. Wakainama pamoja. La Peninah lilisimama kwenye nyasi, la Rufus likasimama kwenye udongo, na kwa mara ya kwanza kaburi la mama yao lilikuwa na rangi ya kijani juu yake. Peninah akasema, "Mama, ni mimi."

Nguo za jirani zilikuwa zinapepea kwenye kamba. Kisha mzee akageuza simu, uso wake ukaonekana, amechoka na ametulia, na safari hii alisema kwa Kiswahili, nadhani kwa heshima yangu.

"Sasa wengine."

Nilimwona Rufus nyuma ya bega la baba yake, mtoto wa mwisho, aliyekuwa amekaa miezi mitatu boma moja na kaburi la mama yake bila kuruhusiwa kumpa hata jani. Alikuwa amefunika uso kwa kofia yake, mabega yanatikisika. Peninah alimwita mara mbili. Mara ya pili alifunua uso, akaitikia kwa kichwa, akaokota panga, akarudi kwenye uzio kukata matawi ya shada lake.